Mke wa Ishirini na Saba

“Andika kubwa, dada Sihaba, ijae kiganja chote. Shubi. Halafu weka kopa pembeni.”

Mehzabin, binti wa duka la vitambaa la pale Dunda, alikuwa amenyoosha mkono huku mwili mzima unamtetemeka kama anasubiri matokeo ya mtihani. Ana miaka kumi na saba. Nyuma yake wasichana kumi na mmoja wamejipanga barazani, wote wanataka jina hilohilo. Jumamosi Shubi anakuja kuimba Bagamoyo, mji aliozaliwa, na hakuna aliyekuwa tayari kwenda uwanjani mikono mitupu.

Sihaba akaminya koni ya piko, akaanza na S. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, na mkono mwepesi kuliko mchoraji yeyote wa mtaa ule. Mabinti hawa walimpenda, wakamweleza siri zao zote. Siri yake yeye hawakuijua: jina aliloshinda akiwachorea lilikuwa la mumewe.

Mume wa ndoa. Nikaha ilifungwa Mapinga nyumbani kwa baba yake, mwaka mmoja na nusu uliopita, wakati Shuaibu hajawa Shubi bado. Watu tisa na sinia mbili za pilau. Wiki tatu baadaye wimbo wake ukalipuka, akatokea meneja kutoka Dar anayeitwa Abdulwahab, Wahabu kwa kifupi, akasema ndoa hiyo ifichwe kwanza, miezi mitatu tu. Miezi mitatu ikawa sita, sita ikawa mwaka. Sasa chini ya dera la Sihaba kulikuwa na mimba ya miezi minne.

“Nyamazeni! Anahojiwa redioni!”

Simu ikawekwa katikati ya mkeka, sauti mpaka mwisho.

“Shubi,” mtangazaji alikuwa anasema, “dada zangu huku wanataka kuzimia. Swali moja tu. Una mke? Una mchumba?”

Shubi akacheka. Sihaba alikijua kicheko kile. Ni cha mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

“Sina mke, sina mchumba. Mke wangu ni nyinyi mashabiki.”

Baraza zima likalipuka. Mmoja alijitupa kwenye mkeka akagaragara. Mwingine alilia kabisa, machozi ya kweli, anajifuta na ushungi. Mehzabin alipiga ukelele mpaka bodaboda aliyekuwa anapita akafunga breki kuangalia nani kafiwa. Mkono wake ukaruka, herufi ya B ikachafuka.

“Umeniharibia, dada!”

“Sijaharibu mimi,” alisema Sihaba taratibu. “Leta mkono nifute, tuanze upya.”

Alimaliza mikono yote kumi na miwili. Wa mwisho alipoondoka ndipo akachukua simu yake.

“Nimekusikia,” aliandika.

Jibu lilikuja haraka: “Nisamehe mke wangu. Ni kazi tu. Wahabu alikuwa kasimama mbele yangu. Soma halafu ufute hii meseji.”

Meseji za namna hiyo alikuwa amefuta nyingi sana. Hii hakuifuta.

Jikoni alimkuta mama yake, Bi Ashatu, anakuna nazi, na uso kaukunja.

“Leo msibani wameniuliza,” alisema mama bila kuinua macho. “Kwa adabu, lakini wameniuliza. Eti, Ashatu, mwanao mbona kanenepa upande mmoja?”

“Ukawajibu nini?”

“Ningewajibu nini? Nimeapishwa! Nimevaa viatu nikaondoka kabla ya hitima. Baba yako huko Mapinga hasimami tena na watu akitoka msikitini, anachukua baiskeli anaondoka. Sisi hatujaiba, Sihaba. Mwanetu kaolewa kwa mahari na mashahidi. Kwa nini tunatembea kama wezi?”

Sihaba aligeuka mlangoni. Akaingia chumbani, akapiga simu.

“Mke wangu…”

“Sasa ndiyo unaniita hivyo? Mchana ulikuwa huna.”

“Siha, nielewe basi. Kuna mkataba na kampuni ya soda mpaka Desemba. Wahabu anasema wakijua nina mke, tumekwisha.”

“Mtoto anakuja mwezi wa kumi na moja, Shuaibu. Na yeye nimwambie asubiri mkataba?”

Sihaba akakaa ukingoni mwa kitanda.

“Wanasema nina mimba ya haramu. Mama kaondoka msibani kwa aibu. Wewe uko redioni unagawa ndoa yangu kwa mashabiki.”

“Nakupenda, unajua nakupenda.”

“Najua. Tena hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Sasa nisikilize. Jumamosi nakuja uwanjani kabla hujapanda jukwaani. Ama unanitaja mbele za watu, ama unaniandikia talaka yangu. Mwanamke aliyeachika anajulikana ni nani. Mimi sijulikani ni nini.”

Akakata.

Jumamosi saa kumi jioni huwezi kupita njia ya uwanjani. Mabinti walikuwa wamefunga barabara, wengine wametoka Chalinze tangu alfajiri, sare za shule zimo kwenye mifuko, midomo imepakwa rangi kwa haraka ndani ya basi. Kila gari jeusi lililopita lilikimbiliwa na kupigwa makofi kwenye vioo. Waliozimia walikuwa wanabebwa kupelekwa hema la huduma ya kwanza, wakizinduka wanauliza kama keshapita. Sihaba alipenya katikati yao, mkono mmoja tumboni, mwingine umeshika bahasha yenye cheti cha ndoa.

“Unakwenda wapi, dada?” aliuliza baunsa wa geti la nyuma.

“Kwa Shubi. Mimi ni mke wake.”

Baunsa alicheka mpaka akashika ukuta.

“Karibu. Wewe ni mke wa ishirini na saba tangu asubuhi. Yule pale wa kumi na nne, ana watoto mapacha, wote wamefanana na Shubi.”

“Hao ishirini na sita wana hiki?”

Alikifungua cheti, akamnyooshea usoni. Baunsa alikisoma. Akakisoma tena, midomo inacheza. Kicheko kikaisha. Akaminya redio yake ya mkononi, na baada ya dakika mbili akatoka Abdulwahab mwenyewe, mwanaume nadhifu, miwani ya bei na sauti ya upole.

“Shemeji, tuongee kistaarabu. Hebu waangalie hawa watoto. Unadhani wanapenda wimbo? Wanapenda nafasi. Kila mmoja hapa anaamini iko siku atamuoa yeye. Ukiitoa ile nafasi, hakuna Shubi. Kuna kijana wa Dunda anayeimba vizuri, na hao wako wengi.”

“Mimi niliolewa na huyo kijana wa Dunda.”

“Basi njoo, nikuweke viti vya mbele kabisa. Nitasema wewe ni dada yake. Tumbo halina shida, dada mtu anaweza kuwa na tumbo.”

“Mimi sina kaka anayeitwa Shuaibu,” alisema Sihaba. “Niitie mume wangu, au nikamtafute kwa kupiga kelele. Na mimi sauti ninayo.”

Abdulwahab aliangalia ile bahasha, akaangalia mabinti walioanza kugeuka, akamfungulia.

Shuaibu alikuwa nyuma ya jukwaa, kavaa koti jeupe linalometameta, jasho limemlowesha kabla hajaimba. Miaka ishirini na mbili. Alipomwona mkewe macho yalimtoka, akamsogelea, halafu akakumbuka watu, akasimama.

“Siha, umekuja kweli.”

“Nilikwambia.”

“Mke wangu, nipe mpaka Desemba. Wallahi Desemba natangaza.”

Sihaba akatoa kalamu na karatasi kwenye bahasha.

“Basi andika.”

“Siwezi kuandika hicho kitu!”

“Na kunitaja huwezi. Sasa unaweza nini, Shuaibu? Nioneshe kitu kimoja ambacho wewe mwenyewe unakiweza bila huyu bwana kukuruhusu.”

Aliichukua ile kalamu. Huko nje maelfu ya sauti yalikuwa yanaita, “Shubi! Shubi!” mpaka mabati ya jukwaa yanatikisika.

“Dakika ya kupanda,” alisema Abdulwahab.

Shuaibu aliiweka kalamu juu ya spika, akapanda ngazi.

Sihaba hakulia. Alitoka kwa geti lilelile, kichwa juu, akampita baunsa ambaye safari hii alisimama wima kama mbele ya mkubwa wake. Nyuma yake muziki ulianza, na ukelele uliopigwa ungeweza kupasua anga. Alikuwa ameshafika barabarani pale muziki ulipokatika.

Si kwa hitilafu. Wapigaji walinyamaza mmoja baada ya mwingine, kama watu walioguswa bega.

“Nina jambo,” ilisema sauti ya Shuaibu kwenye spika. Haikuwa sauti ya Shubi, ilikuwa ya kawaida, ya nyumbani. “Juzi redioni nilisema uongo. Nina mke. Anaitwa Sihaba, ni wa hapahapa Dunda. Nimemuoa mwaka jana, na amebeba mtoto wangu.”

Uwanja mzima ukazomea, kelele ndefu, nzito, na kilio ndani yake.

“Muongo!”

“Ulituambia sisi ndiyo wake zako!”

“Niliwaambia, na niliwakosea,” alisema. “Kama mlinipenda kwa sababu sina mke, hamkunipenda mimi. Mnataka kurusha chupa, rusheni. Ila sitamkana tena.”

Wakarusha. Ilikuwa chupa, viatu, hata simu moja. Walimtoa jukwaani kwa kumfunika turubai. Kabla ya magharibi Abdulwahab alikuwa njiani kurudi Dar, na Shuaibu alikuwa amepokea meseji moja tu kutoka kwake: “Umejichimbia kaburi mwenyewe.”

Sihaba alibaki amesimama pembeni ya barabara. Amemtaja. Lakini moyo wake haukuruka kama alivyofikiri ungeruka. Simu ikaita, jina la Shuaibu. Hakupokea.

Jumapili asubuhi mabinti walikuja. Bi Ashatu ndiye aliyewaona kwanza dirishani, kama thelathini, wanakuja kwa miguu kwa kasi.

“Sihaba, funga mlango! Watakuua hawa watoto!”

“Toka nje!” walikuwa wanapiga kelele. “Mwizi! Toka!”

“Nimefunga mlango mwaka mmoja na nusu, mama,” alisema Sihaba. “Leo sifungi.”

Akajifunga kanga kiunoni, ikabana, tumbo likaonekana lote. Akatoka barazani. Kelele zilipungua, si kwa heshima, kwa mshangao. Mbele kabisa alikuwa Mehzabin, macho yamevimba kwa kulia.

“Ulinichora jina lake,” alisema, sauti inakatika. “Mkononi mwangu. Na ulikuwa unajua!”

“Nilijua.”

“Ulikuwa unanicheka moyoni!”

“Sikukucheka hata siku moja, Mehzabin. Niliwaonea wivu nyote. Nyinyi mliweza kupiga kelele njiani kwamba mnampenda. Mimi mkewe nilikuwa nasema kwa kunong’ona, halafu nafuta.”

Mehzabin alikiangalia kiganja chake.

“Umemharibia maisha!” alisema mwingine kutoka nyuma.

“Maisha ya nani? Wewe ukiolewa, mumeo akaambiwa akuweke uvunguni ili auze soda, utakaa?”

“Sitakaa,” alijibu yule msichana kabla hajafikiri, na wenzake wawili wakacheka kwa bahati mbaya.

“Basi na mimi sikai. Imbeni nyimbo zake, kateni mauno, lieni mkipenda. Sauti yake ni ya wote. Mwenyewe simgawi. Anayetaka kunipiga kwa hilo apande ngazi hizi, nipo.”

Hakuna aliyepanda. Na ndipo nyuma yao ikafika baiskeli, mzee anaendesha na kijana kakaa nyuma, kavaa kanzu, jicho moja limevimba kwa chupa ya jana. Alikuwa Mzee Salumu, baba yake Sihaba, na kijana wa nyuma alikuwa Shuaibu. Mabinti walipiga ukelele kwa mazoea, halafu wakakumbuka kwamba wamekasirika.

“Shikamoo, mama,” Shuaibu alimwamkia Bi Ashatu.

“Marahaba,” alijibu Bi Ashatu, baridi kama maji ya mtungi.

“Huyu kafika kwangu alfajiri,” alisema Mzee Salumu. “Kapiga magoti shambani, kwenye umande, kaniomba radhi. Mimi nimempa. Lakini nimemwambia, mwenye haki ni mwanangu. Ongea naye mwenyewe.”

Shuaibu akasogea mpaka chini ya ngazi.

“Siha, jana nimesema.”

“Umewaambia wao. Mimi hujaniambia kitu.”

Mabinti thelathini walisogea karibu wasikie.

“Niliogopa,” alisema Shuaibu. “Si Wahabu. Niliogopa kurudi kuwa mtu ambaye hakuna anayempigia kelele. Nikakutoa wewe kafara ili nisirudi. Nimekudhalilisha, nimemdhalilisha mama, na mtoto kabla hajazaliwa. Mkataba wamefuta. Sina gari, sina meneja. Ukitaka kalamu leo naandika, kwa sababu ni haki yako. Ila mimi nataka kukaa.”

Sihaba alimwangalia jicho lile lililovimba, na mikono isiyojua pa kujiweka.

“Masharti mawili,” alisema. “Walima wangu ufanywe hapa mtaani, mchana, na spika. Na usiniambie tena nifute kitu. Hata siku moja.”

“Nimekubali.”

“Basi panda. Mama akukande hilo jicho.”

Mzee Salumu aligeuza uso, akajifanya anakagua mnyororo wa baiskeli.

Walima ulifanywa Ijumaa ya wiki ya pili yake, baada ya swala. Turubai lilizuia njia nzima. Mashabiki wengi hawakuja, na mitandaoni bado walikuwa wanamtukana. Waliokuja walikuwa kama arobaini. Shuaibu aliimba bila koti la kumetameta, na sauti ilikuwa nzuri kuliko siku zote. Mehzabin alikuja na doti mbili za kanga kutoka dukani kwao. Alisema kwa ukali kwamba kazileta kwa ajili ya bibi harusi, si kwa ajili ya yule muongo.

Wale wanawake wa msibani nao walikuwepo, wamekaa safu ya mbele, wananong’onezana. Mshereheshaji alipouliza kama bibi harusi ana neno, Bi Ashatu alitikisa kichwa kwamba hana. Sihaba akasimama, akachukua kipaza sauti.

“Naitwa Sihaba binti Salumu,” alisema. “Mke wa Shuaibu, wa kwanza mpaka wa ishirini na saba. Aliyekuja kuangalia tumbo aangalie vizuri, asije akauliza tena. Ni la halali.”

Bi Ashatu ndiye aliyeinuka kwanza, akapiga kigelegele kirefu usoni mwa majirani zake, na mtaa mzima ukaitikia.