Kilomita Nne Tulizozicheka

Ndugu wazazi, wazee wa bonde letu, walimu wa zamu, na nyinyi wa viti vya nyuma mnaodhani hadithi za mafunzo huwahusu wengine: tulieni. Naitwa Mavjigul, nina miaka kumi na mitano, nasoma shule ya bweni, na jina langu limeandikwa mara nyingi zaidi kwenye daftari la adabu kuliko la mahudhurio. Leo sitanii.

Asubuhi ile nyumba yetu ilikuwa na amani tele. Mama alitumiminia chai ya maziwa yenye chumvi na siagi, tukachovya mkate. Uani, kaka yangu Azorabek, mwenye miaka ishirini, alifunga susu ya mbao, kile kitanda cha kubembelezea mtoto mchanga, nyuma ya baiskeli aliyoachiwa na mgeni mmoja aliyeshindwa na milima yetu akapanda lori. Mimi nilikuwa na baiskeli kuukuu ya baba. Dada yetu mkubwa, anayeishi mwendo wa siku saba, alikuwa amejifungua, nasi tulikuwa tunampelekea susu iliyotulea sote.

Mama alitupaka unga kwenye bega la kulia, kama apakwavyo kila msafiri kwetu.

"Leo mnalala kwa shangazi yenu," akasema.

"Mama! Kwa shangazi ni kilomita nne!"

"Ndiyo. Babu yako alipopeleka punda sokoni, siku ya kwanza hakuvuka kijiji cha pili. Kamba ikilegea, ilegee karibu na nyumbani. Ukisahau kitu, urudi kukichukua kwa miguu."

Azorabek alikubali. Sasa, ndugu zangu, hapa ndipo ninapoingia mimi, na naomba msinikazie macho.

Vijana waliokuwa wakizibua mfereji wa maji walisimama kututazama. Nikawapigia kelele: "Muageni kaka vizuri! Anakwenda mbali, mpaka kwa shangazi! Kuku wa mama huenda huko na kurudi kabla ya chai!"

Wakacheka mpaka wakaegemea majembe. "Azorabek, usisahau kutuandikia barua!" mmoja akadakia. Kaka naye alicheka, ila masikio yalimwiva.

Shangazi Gulbibi alitungoja langoni. "Shukeni, wanangu, maji yanachemka."

"Tunapita tu, shangazi. Tutalala ng'ambo ya mlima."

"Na mzigo wote huo? Mmeujaribia wapi?"

Kaka akanitazama. Neno moja tu la busara lingetosha. Mimi nikasema, "Ko-ko-ko!" Akakanyaga pedali.

Tulipanda hadi adhuhuri. Kule juu Azorabek alibana breki, akakunja uso. Waya ulikuwa umelegea. Alipekua mifuko yote akitafuta spana, kisha akakaa chini.

"Nimeiacha juu ya ukuta wa nyumbani," akasema. "Mavji, turudi?"

Niliutazama mteremko: barabara ya changarawe, upande mmoja mwamba, upande wa pili mto ukinguruma chini kabisa, bila hata ukingo wa mawe. Nilitaka kusema turudi. Lakini mtu aliyelia kama kuku asubuhi huona haya kuogopa mchana. Nikaigeuzia baiskeli yangu mteremkoni.

Akatangulia. Katika kona ya kwanza susu iliteleza upande, baiskeli ikaanza kuyumba kama mlevi. Kona ya pili nikamsikia: "Mavji! Haishiki! Breki haishiki!" Alikokota viatu chini, vumbi likatimka, akapotea kwenye kona ya tatu. Nikasikia mbao zikivunjika. Halafu nikasikia mto peke yake.

Niliitupa baiskeli nikakimbia. Nilimwita, sikujibiwa. Nilimwita tena kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

"Usije ukingoni!" Sauti ilitoka chini ya barabara. Alikuwa amekumbatia jiwe kwa mkono mmoja, mwingine ukining'inia vibaya, miguu ikitafuta pa kukanyaga. "Mkono unachoka, Mavji."

Nililala kifudifudi, nikamshika kola. Sikuweza kumvuta. Niliweza kushika tu, na kokoto chini ya kifua changu zilikuwa zinasogea, sote wawili tukisogea nazo. Sijui ni muda gani. Najua niliomba radhi kwa kila mtu niliyewahi kumtania, na orodha haikwisha.

Lori la viazi lilitukuta hivyo. Dereva alishuka na kamba bila kuuliza, akamvuta kaka, akamlaza kwenye magunia. Ndipo akauliza: "Mmetoka nyumbani lini?"

"Leo."

"Leo!" Akachungulia mtoni, akaona vipande vya susu vikielea, akatikisa kichwa. "Hamna wazee kwenu?"

Bega la Azorabek lilikuwa limevunjika. Mama alipofika kwa shangazi, dereva alikotushusha, alimuuliza kaka kilichompitisha lango lile. Kaka akasema, "Ujinga wangu." Nikasema, "Si wake, mama. Ni mdomo wangu." Nilingoja kofi. Mama alikaa kitako, akaushika mkono wangu. Kofi ningelivumilia.

MAFUNZO

Siku ya kwanza ya safari iwe fupi, ili makosa yakukute karibu na watu wako. Na wewe mwenye ulimi mwepesi, jua kwamba anayechekwa huenda akaenda kufa kwa aibu tu. Mzaha wangu ulichukua pumzi moja. Mtoto wa dada yangu analala sakafuni.