Bahasha ya Mchungaji

Kila Jumamosi mimi na dada yangu Chepkurui huchuma chai, kisha tunapeleka vikapu kituoni, hapa karibu na Litein. Karani huvimwaga mezani na kutoa majani magumu tukiwa tunatazama, ndipo anapima.

Mwaka huu dada alikuwa akiomba nafasi katika chuo cha Kikristo cha sheria. Jirani alidai kwamba wanaosomea huko huishia kuhubiri tu. Dada akamweleza kuwa wengine huwa mawakili, wengine mahakimu, na wengine hushauri vyama vya wakulima. Yeye alitaka kuwatetea wajane wanaonyang'anywa mashamba. Kilichobaki ni barua ya mchungaji, ikiwa imefungwa na kupigwa muhuri juu ya kifuniko cha bahasha.

Mchungaji Alfayo Owino alinikabidhi bahasha hiyo Alhamisi nikitoka shuleni.

"Mwambie dada yako hatujamwona kwenye kwaya tangu Januari," alisema, bila kutabasamu.

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Mbona ataje kwaya siku hiyohiyo? Nikajiambia kwamba bila shaka amemchongea dada. Nilipofika jikoni niliishika bahasha juu ya mvuke wa birika mpaka ikafunguka.

Barua ilisema kwamba Chepkurui hukosa kwaya kwa sababu anachuma chai badala ya mama yake mgonjwa, na kwamba ni mwaminifu kuliko vijana wote kanisani. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Haraka nikaifunga tena kwa ugali, lakini wino wa muhuri ulikuwa umeshachuruzika. Chuo hakipokei barua iliyofunguliwa, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho.

Ningeweza kunyamaza. Lakini nilimkuta dada akipiga pasi rinda la kwenda nalo chuoni, nikashindwa. Nilimweleza yote. Hakunigombeza. Alikaa chini akalia, na hilo liliniuma zaidi.

Tulirudi pamoja kwa mchungaji, nami nikaungama. Aliandika barua nyingine, akaipiga muhuri mbele yetu.

"Ulinishuku, Cheptoo," alisema.

"Ndiyo, Pasta. Nilitaka kujua kilichomo ndani."

"Hata karani wa chai hutaka kujua kilichomo ndani, lakini humwaga kikapu mbele ya mwenye chai. Ukimshuku mtu, mwanangu, muulize ana kwa ana."

Dada alipokea bahasha. Kisha akanipa mimi niibebe.