Chuma Kilichorefuka

Kila alfajiri Mama Mikate hukanda unga na kuwasha tanuri. Mtaa ukiamka, mikate ya kwanza iko tayari. Mama huyu hapendi kuchelewa, wala hapendi kusingiziwa.

Ndani ya tanuri kuna wavu wa vyuma vinane vinavyobeba kuni. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye huyeyusha chuma na kumimina vyuma hivyo. Siku moja vyuma viwili vilipinda na kimoja kikakatika. Moto ukaanguka majivuni. Mikate ikabaki mibichi.

Shemeji alikuja na baba mkwe.

"Umenipa vipimo vibaya tena, shemeji," alisema. "Vyuma ni virefu kuliko nafasi, ndiyo maana vinabanana. Wewe na futi wapi na wapi!"

"Nilipima sawasawa. Viliingia bila kubana."

"Kwa hiyo vimekua? Ulivinyonyesha?" Akacheka mpaka akashika mbavu.

Baba mkwe hakucheka. Alimgeukia Mama Mikate. "Mwanangu, hii ni mara ya pili. Vikivunjika tena, tanuri atalishika shemeji yako."

Mama Mikate alikasirika sana. Tanuri lile alilijenga na mumewe, tofali kwa tofali. Shemeji hajawahi hata kulifagia!

"Nimesikia, baba," alijibu. "Lakini sikukosea, na sitakubali kosa lisilo langu."

Ushahidi alikuwa nao. Vyuma vilipoletwa vipya, alikata ufito wenye urefu uleule, akautunza. Sasa aliulaza kando ya chuma kizima kilichopoa. Chuma kiliuzidi ufito kwa upana wa kidole. Akavibeba vyote viwili hadi kwa jirani yake, Bi Miwani, mpimaji wa chuma kiwandani.

"Niambie ukweli, dada. Chuma kinaweza kukua?"

"Kinaweza," alisema Bi Miwani.

"Wanasema nimekosea kupima."

"Waache waseme. Kila chuma hutanuka kikipata moto, kisha hurudi kikipoa. Hiki kimepoa na hakikurudi. Chuma cha kumimina kina kaboni ndani yake. Sehemu ya kaboni hiyo imeshikana na chuma. Kikikaa kwenye moto mkali siku nyingi, kaboni huachia, hujitenga na kutaka nafasi yake. Hapo chuma huvimba. Hewa nayo hupenya kwenye nyufa na kukitia kutu kwa ndani."

"Dawa yake?"

"Kromi kidogo. Ni metali inayoishika kaboni isiachie upesi. Kwa kilo mia za chuma, hata kilo moja haifiki."

"Kidogo hivyo?"

"Chumvi unatia kiasi gani kwenye unga?"

Mama Mikate hakungoja. Alimshika Bi Miwani mkono, wakaenda moja kwa moja karakana kwa shemeji. Shemeji alisikiliza huku amekunja uso. Alipouona ufito, ukunjo ukapungua.

"Basi nitie kilo tano, tumalize kabisa," alisema.

"Thubutu!" alisema Bi Miwani. "Ikizidi, chuma kitakuwa kigumu na kitavunjika kama sahani. Pima kwa mizani. Usitie kwa kukisia. Na kila chuma kiachiwe nafasi mwishoni, kwa sababu kutanuka kwa moto hakuzuiliki."

Shemeji alinunua kromi ya kuchanganyia chuma. Akaipima mbele ya wanawake wawili wasiopepesa macho. Akamimina vyuma vinane vipya, na Mama Mikate akakata ufito mpya.

Miezi sita ilipita. Tanuri liliwaka kila siku, na hakuna chuma kilichokatika. Ndipo Mama Mikate mwenyewe akamwita baba mkwe. Alizima moto, akangoja vyuma vipoe, akavitoa kimoja kimoja na kuvilaza kando ya ufito. Vyote vinane vililingana nao. Baba mkwe alipitisha kidole mwishoni mwa kila kimoja.

"Tanuri ni lako," alisema. "Neno la kumpa shemeji yako sitalisema tena."

"Na lile la kwamba sijui kupima?"

Baba mkwe alimgeukia mwanawe. Shemeji alijikuna kichwa.

"Nilikosea, shemeji. Chuma changu ndicho kilichokuwa na kasoro." Akaunyooshea mkono ufito. "Niazime huo, niwe nao karakana."

Mama Mikate aliurudisha ufito mahali pake, juu ya mlango wa tanuri.

"Kata wako," alisema. "Huu ni wangu."