Njahi ya Jirani

Katika ploti moja ya Kawangware, upande wa Riruta, kuna vyumba kumi vya mabati na bomba moja la maji. Chumba cha nne walikaa Aluoch na mumewe Okoth. Chumba cha tano walikaa Waithira na mumewe. Wanawake hawa wawili walijifungua wiki moja. Aluoch alipata msichana, akamwita Hope. Waithira alipata mvulana, akamwita Antony.

Okoth alitoka alfajiri kwenda kazi ya mjengo. Aluoch alibaki. Alifua nepi, akachota maji, akapika uji, akanyonyesha. Ikifika saa nne, harufu ya njahi ilipenya ukutani kutoka chumba cha tano.

Njahi ni maharagwe meusi. Wakikuyu humpikia mama aliyejifungua ili apate nguvu na maziwa. Jumatatu Waithira alipikiwa na wanawake wa kanisa lake. Jumanne alikuja shangazi yake na unga wa uji. Jumatano walikuja wanawake wanne wa chama chake. Walifua nguo zote, wakaimba, wakacheka mpaka mabati yakatetemeka. Aluoch aliketi kitandani, upande wake wa ukuta, akihesabu sauti.

Kwa Aluoch hakuja mtu.

Tusizungushe maneno. Aluoch alimwonea Waithira wivu. Haukuwa wivu wa nguo wala wa televisheni. Ulikuwa wivu wa watu. Waithira alilala mchana kwa sababu kulikuwa na mtu wa kumbeba mtoto wake. Jambo hilo lilimuuma Aluoch.

Jioni alimwambia mumewe.

“Leo wamekuja tena. Wanne.”

“Wacha waje,” Okoth alisema. “Wamekukosea nini?”

“Wanacheka sana.”

“Mama Hope, umechoka tu. Utazoea.”

Okoth hakuwa mtu mbaya. Alibeba mawe kutwa nzima, na alidhani kila uchovu huisha kwa usingizi. Lakini usingizi wenyewe Aluoch hakuupata. Hata Hope alipolala, yeye alikodoa macho. Chakula kilimshinda. Alilia akifua, akasema ni sabuni imeingia machoni. Watu husema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Aluoch alikonda kweli, na rinda lake likaanza kumpwaya mabegani.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, alikuwa mlangoni akianika nepi. Wapangaji wengine walikuwa kazini. Waithira alikuwa amelala na mtoto wake. Mwanamke mrefu aliingia langoni. Alikuwa na kiondo begani na thamosi mkononi, na alikuwa na pengo katika meno ya mbele.

“Sasa, mama,” alisalimia. “Hapa ndipo anakaa Waithira?”

Aluoch aliitazama ile thamosi. Uji mwingine. Mtu mwingine.

“Anakaa hapa, lakini hayuko,” alisema. “Ameenda ushago, kijijini kwa kina mume wake.”

“Ushago? Na mtoto mdogo hivyo?”

“Ameenda juzi.”

Yule mwanamke alisimama kidogo. Aliitazama thamosi yake.

“Basi,” alisema. Akageuka, akaenda zake.

Aluoch alirudi ndani. Alitarajia kufurahi. Alifurahi kweli, kwa muda wa kumeza mate, halafu akaona aibu. Hakumwambia mtu.

Siku tatu baadaye alikutana na Waithira bombani. Waithira alikuwa amenenepa, lakini macho yalikuwa mekundu.

“Mama Tony, vipi? Uko sawa?”

“Aki siko sawa,” Waithira alisema. “Watu wote wamekuja kumwona mtoto, isipokuwa dada yangu Ngina. Huyo ndiye alinilea, mama yetu alipokufa. Tuligombana siku ya harusi yangu. Alisema mbele ya watu kwamba hampendi bwana yangu. Hatujaongea miaka miwili. Nilidhani mtoto atamleta.”

“Yuko aje huyo Ngina?” Aluoch aliuliza.

“Mrefu kama mlingoti. Ana pengo hapa mbele. Kwa nini? Umemwona?”

“Hapana,” Aluoch alisema. Alichukua mtungi wake kabla haujajaa.

Sasa hali yake ilikuwa mbaya zaidi. Wivu ulikuwa umepata mwenzake, nayo ni hatia. Maziwa yalipungua. Hope alilia, Aluoch akalia, na siku zikaenda hivyo.

Jumanne iliyofuata alikuja Bridgit, mhudumu wa afya ya jamii. Ni mwanamke wa makamo mwenye mkoba mzito mgongoni. Hupita nyumba kwa nyumba kuwaangalia akina mama na watoto wachanga. Alimpima Hope. Alitazama mizani, akatazama kitabu cha kliniki, akatazama mizani tena.

“Mama Hope, mtoto hajaongeza uzito tangu nilipokuja mara ya mwisho. Ananyonya vizuri?”

“Ananyonya.”

“Na wewe unakula?”

“Nakula.”

“Unalala?”

Aluoch aliokota nepi, akaanza kuikunja. Bridgit aliketi kitandani karibu naye bila kukaribishwa. Nje, nguo zilikuwa kambani na wingu lilikuwa zito.

“Hebu niambie,” Bridgit alisema. “Ukienda dukani na mvua inyeshe, nani atakuanulia nguo?”

Ni swali dogo. Lakini Aluoch alitafuta jibu kichwani, akakosa. Alianza kulia, na safari hii hakusema ni sabuni.

“Sina mtu,” alisema. “Yule wa hapo ana watu wote. Mimi nasikia tu wakicheka.”

“Unamwonea wivu?”

“Sana. Mpaka nimekuwa mtu mbaya.”

Akamweleza yote. Alimweleza kuhusu yule mwanamke wa thamosi, na uongo aliosema langoni. Bridgit alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumkatiza wala hakumkemea.

“Nitaanza na mwili wako,” alisema. “Siku za kwanza baada ya kujifungua, akina mama wengi hulia ovyo. Kwa wengi huisha yenyewe. Lakini ikipita wiki mbili, na huli, hulali, na unaona hufai kitu, huo ni ugonjwa. Unaitwa sonona. Si uvivu. Si laana. Si kukosa imani. Unatibika. Kesho nitakupeleka kliniki uongee na muuguzi.”

“Nitaambiwa nina wazimu?”

“Huna wazimu. Nami nakuuliza swali ambalo huwauliza wote, usikasirike. Umewahi kufikiria kujiumiza, au kumwumiza mtoto?”

“Hapana.”

“Sawa. Ukifikiria hata mara moja, usingoje mpaka nije. Mwambie mtu yeyote aliye karibu, mwende hospitali siku hiyo hiyo.”

Bridgit alimrudishia Hope mikononi.

“Sasa niambie. Kabla ya kuhamia hapa mlikaa wapi?”

“Kibera. Kianda.”

“Huko pia ulikuwa peke yako?”

Aluoch alicheka kidogo huku akilia. “Kianda? Huko hata ukikohoa watu wanne wanakuuliza una nini. Nilikuwa nakaanga samaki na Seline. Nilikuwa kwa kwaya.”

“Na Seline amekufa?”

“Hapana. Anataka kuja. Amepiga simu mpaka amechoka. Nilimwambia angoje kwanza ninunue viti.”

“Viti?”

“Nilipotoka huko niliwaambia nahamia nyumba nzuri. Nikajigamba. Ona sasa. Nyumba ni hii hii ya mabati, na hakuna hata kiti cha mgeni.”

Bridgit alizungusha macho chumba chote. Kilikuwa na kitanda, stovu, ndoo tatu na pazia.

“Ukinunua viti utataka kapeti,” alisema. “Ukinunua kapeti utataka meza. Hope ataolewa Seline akiwa bado anangoja. Mama, watu wa jirani yako hawakuanguka kutoka mbinguni. Yeye aliwafungulia mlango na wewe uliufunga. Mimi sisemi watu huponya kila kitu. Lakini mtu akikubebea mtoto saa moja, unalala. Ukilala, chakula kinapita. Ukila, maziwa yanarudi. Na yule unayemwambia shida yako, hata asipokuwa na jibu, amekupunguzia mzigo. Kidole kimoja hakivunji chawa.”

“Na lile la Waithira?” Aluoch aliuliza. “Nifanye nini?”

“Hilo sina dawa yake kwa mkoba. Hilo utaenda kulisema wewe mwenyewe. Si leo. Ukipata nguvu kidogo.”

Kabla ya kuondoka, Bridgit alimpigia Okoth simu.

“Baba Hope, bibi yako ni mgonjwa. Si uchovu. Usimwambie atazoea. Ukifika nyumbani nawa mikono, chukua mtoto, umwambie alale. Na ukimwuliza yuko aje, ngoja ajibu.”

Okoth alifika mapema siku hiyo. Alinawa mpaka kwenye viwiko kama daktari wa upasuaji. Alimchukua Hope, akatoka naye uani. Aluoch alilala saa mbili nzima.

Kesho yake alienda kliniki na Bridgit. Muuguzi alimsikiliza kwa muda mrefu, akampangia kurudi kila wiki. Alipotoka hapo alimpigia Seline.

“Seline, njoo. Sina viti.”

“Viti vya nini?” Seline aliuliza. “Mimi nakuja kuketi ama kuona mtoto?”

Jumamosi Seline alifika na wenzake wawili wa kwaya. Walikuja na samaki, unga wa wimbi na kelele zao zote. Wawili walikaa kitandani, mmoja juu ya ndoo. Mmoja alipika mchuzi wa samaki, mwingine akafua. Seline alimkalisha Aluoch kando.

“Ulitutoroka kwa nini?”

“Niliona aibu.”

“Aibu ya sisi? Mimi uliniona nikilia kwa ajili ya mwanamume ambaye hata meno hana.”

Aluoch alicheka kwa sauti mara ya kwanza tangu ajifungue. Alikunywa mchuzi bakuli mbili. Lakini katikati ya kicheko alisikia kitu ukutani. Upande wa pili, Waithira alikuwa analia polepole.

Aluoch aliujua ule mlio. Ulikuwa wake, mwezi mzima.

Wageni walipoondoka, alimwachia Okoth mtoto na kwenda kubisha chumba cha tano. Waithira alifungua.

“Mama Tony, ile siku uliniuliza kama nilimwona dada yako, nilikudanganya. Alikuja. Alhamisi ile. Wewe ulikuwa umelala. Nilimwambia umeenda ushago kwa kina mume wako.”

Waithira alimtazama bila kupepesa.

“Kwa nini?”

“Wivu. Wewe ulikuwa na watu, mimi sikuwa na mtu. Sikujua ni dada yako. Lakini hata angekuwa mwingine, ilikuwa vibaya.”

“Alikuwa amebeba nini?”

“Thamosi. Na kiondo kimejaa.”

Waithira alifunika uso. Alipoufunua, ulikuwa umekauka kwa hasira.

“Woiye, Mama Hope. Mimi nilikuwa nasema kila siku nitakuletea njahi, naona umefunga mlango, nasema wacha nisimsumbue.” Alivuta pumzi. “Leta simu yako nikuandikie namba ya Ngina. Utampigia wewe. Utamwambia hivyo hivyo, nikisikia.”

Aluoch alipiga. Ngina alipopokea, Aluoch alijitaja na kusema yote, neno kwa neno. Hakujitetea.

“Kwa hivyo si yeye alikutuma useme hayuko? Hakunikataa?” Ngina aliuliza.

“Hapana. Anakulilia mpaka leo.”

Simu ikakatwa. Waithira alifunga mlango wake, naye hakusema asante wala kwaheri.

Wiki nzima Waithira hakumsalimia. Bombani alitazama ndoo yake tu. Iliuma, lakini Aluoch hakukaa nayo peke yake. Alimweleza Okoth, na Okoth alingoja mpaka amalize. Alimweleza muuguzi. Alimpigia Seline, na Seline akasema, “Mpe muda. Hata mimi ningekununia.” Usiku alilala. Mchana alikula. Bridgit alipompima Hope tena, mizani ilikuwa imepanda, naye akaandika namba mpya kitabuni huku akipiga mluzi.

Jumapili mchana Aluoch alikuwa ameketi mlangoni na Hope mkononi. Waithira alitoka chumbani mwake haraka haraka, amevaa viatu visivyofanana. Antony alikuwa mikononi mwake.

“Ngina amenipigia, ako stage ya matatu,” alisema. “Anaogopa kuja peke yake, naenda kumchukua. Mama Hope, nishikie mtoto.”

Aluoch alifikiri hakusikia vizuri.

“Mimi?”

“Kwani kuna mwingine hapa? Sijamaliza kukasirika, usifikirie nimemaliza. Shika kichwa vizuri.”

Akamweka Antony katika mkono wake wa kushoto na kuondoka akikimbia.

Baada ya muda waliingia langoni, dada wawili, wameshikana viuno, wote wawili wanalia na kuongea kwa pamoja. Walipita mbele ya Aluoch bila kumwona. Wivu ulimchoma tena, kidogo, mahali pale pale. Lakini Antony alikuwa ameanza kulia, na Hope naye akaanza. Aluoch alikuwa na watoto wawili wa kubembeleza, akaanza na wa jirani.