Kiatu Kilichoshonwa Vibaya

"Theluji inasafiri leo," sauti ilisema kwenye simu ya chumba cha kuvalia.

"Na nani?" Lada Rybina aliuliza. Theluji lilikuwa jina la fumbo la siri zilizokuwa zikivuja.

"Lindqvist, yule mnunuzi wa mbao. Filamu iko ndani ya kiatu chako, hicho unachompa leo cha kumbukumbu. Itoe. Weka filamu tupu, kiatu kiende, tumnase nacho mkononi. Na utuambie nani kaiweka."

Simu ikakatwa.

Leningrad, Desemba 1983. Msimu wenyewe ndio huo: onyesho mchana kwa watoto, jingine jioni kwa wakubwa, na vidole vya miguu havipati nafasi ya kukauka damu. Mji ulimjua Lada kama nyota wa baleti. Idara ya ujasusi ilimjua kwa kazi nyingine.

Sasa ilikuwa mapumziko ya onyesho la mchana. Kiatu kilikuwa mezani, kimeshatiwa sahihi. Nani wa forodha atakagua kiatu kichakavu cha mchezaji? Mashabiki wanaondoka navyo kila mwaka. Lada alichomoa kisu chembamba kwenye kopo la poda, akachana bitana pale utepe ulipounganishwa.

Filamu ya Minox, ile kamera ndogo ya majasusi.

Idara ilikuwa imeshamwambia kilichomo: njia za nyambizi za kaskazini. Na ndani ya nyambizi mojawapo alikuwemo Gleb, kaka yake wa pekee.

Hapo ndipo alipouona ule mshono.

Akakisogeza kiatu kwenye taa.

Aliyerudishia utepe alikuwa amepitisha sindano kwenye kamba ya kukazia, ile nyembamba inayopita ndani ya ukingo wa kiatu. Hata mtoto aliyeanza juzi shule ya baleti hafanyi hivyo. Ukiishona kamba, kiatu hakikazi tena, kitakuchomoka jukwaani. Lakini wanaume hawavai viatu vya utepe, hawayajui hayo. Na mwanamume aliyewahi kumshonea Lada ni mmoja tu: Rodion Sablin, mchezaji mwenza wake, anayelala naye kitanda kimoja. Msimu uliopita, Lada alipokuwa akirudi hoi kila usiku, Rodion alikaa jikoni akimshonea, anajichoma vidole na kujisifu. Gleb alikuwa akimcheka na kumwita shemeji fundi.

Alitia filamu tupu, akarudishia utepe. Mhudumu akakichukua kiatu kumpelekea Lindqvist.

Kidude cha redio kilichofichwa kwenye kishungi cha nywele kikakwaruza. "Rybina. Jina."

Alirudisha kisu kwenye kopo la poda. Adhabu ya kosa hilo ni risasi, na yeye alijua.

"Rybina, unanisikia?"

"Sablin."

Akajipaka poda pale machozi yalipopita.

Nyuma ya pazia Rodion alikuwa akimsubiri, anapasha misuli moto.

"Usiambulie kitu, mpenzi," alimwambia.

Ndivyo watu wa jukwaani pale wanavyotakiana heri. Jibu ni moja tu, na ukisema asante umejiitia mkosi mwenyewe.

"Kwenda zako kwa shetani," Lada alijibu.

Rodion akacheka. Muziki ukaita.

Walicheza. Mungu wangu, walicheza. Watoto walisahau pipi mikononi. Rodion alipomnyanyua juu ya kichwa chake, redio ilinong'ona: "Lindqvist tunaye. Kiatu anacho."

Na Rodion akawaona. Makoti ya kijivu upande wa kulia, mkono mmoja umeshika bastola ya Makarov. Makoti mengine kushoto.

Kisha akainua macho kumtazama Lada. Alikuwa juu, hana pa kushika. Angemwachia tu, shingo ingevunjika.

"Ni wewe?" Rodion alinong'ona.

"Ni mimi."

Akamshusha taratibu, kama anayelaza mtoto.

Makofi. Wakainama pamoja.

Pazia.

Pingu.

"Niliificha vizuri," Rodion alisema. "Umenijuaje?"

"Umeshona kamba ya kukazia. Haishonwi ile."

"Mbona nilikushonea msimu mzima hukusema?"

"Nilikuwa nafumua ukishalala. Nashona upya."

Rodion alitazama vidole vyake mwenyewe ndani ya pingu.

"Waliniahidi Paris, Lada. Wewe na mimi."

"Na Gleb je?"

Maafisa walikuwa wameshamshika mikono. Wakamvuta. Uani gari jeusi la Volga lilikuwa linaunguruma. Alipofika mlangoni akageuka.

"Una onyesho jioni," alisema. "Usiambulie kitu."

Lada alifungua mdomo. Lile jibu la kila siku, lililokuwa utani wao hata jikoni, likagoma kutoka.

"Asante," alisema.

Rodion akafumba macho. Mlango ukafungwa.

"Kazi safi, Rybina," mkuu wake alisema, kwa sauti ile ile ya simu. "Nenda kapumzike."

"Nina onyesho."

Akapita kwenye ujia, mgongo wima, hatua zake nyepesi, anawaitikia waliomsalimu. Hakuna aliyejua kitu. Chumbani alitoa kiatu kipya, akatunga uzi.

Mshono wa kwanza aliupitisha kwenye kamba.

Akauangalia.

Kisha akaufumua, akashona upya.