Ngoma Yenye Matundu Mawili

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi chini ya ukuta, na ngoma kubwa ya bendi ingali mgongoni, imekazwa kwa mikanda miwili. Damu ilikuwa imeshuka juu ya matofali yaliyopangwa kama ngazi, ikakomea vumbini.

Inspekta Consolée Ntirampeba wa upelelezi alichuchumaa kando yake. Alibana mikono kati ya magoti ili vijana waliosimama nyuma wasione inavyotetemeka.

"Nani amemgusa?"

"Hakuna, afande," alijibu Kamanda Maxime, mkuu wa kikosi. "Tulisikia mlio tukiwa mtaroni, saa mbili na nusu. Tukakimbia. Tukamkuta hivi."

Marehemu alivaa sare ya polisi. Buti zake zilikuwa za jeshi.

Kila mtu pale alijua maana yake. Kikosi hicho, kilichokaa katika ghala la zamani la pamba, Zone Industrielle, eneo la viwanda la Bujumbura, kilikuwa na watani wake: wanajeshi wa kambi ya ng'ambo ya mfereji. Kila mwaka hucheza mpira, na Jumamosi ya kabla ya mechi huibiana. Polisi waliwahi kumwiba mbuzi wa jeshi wakamrudisha amevaa bereti. Jeshi siku zote hutaka ngoma.

Mchezo una sheria zake. Mwizi huja asubuhi, saa za kazi za jamii, watu wote wakiwa nje na majembe na barabara zimefungwa. Huja amevaa sare ya wale anaowaibia. Huacha ubeti wa chaki ukutani. Akishika ukuta na mzigo wake kabla hajaguswa, ameshinda, na hakuna wa kumfuata. Na sheria iliyo kubwa kuliko zote: mlinzi wa zamu siku hiyo hupewa bunduki tupu na filimbi.

Bunduki tupu. Na huyu hapa ana tundu la risasi mgongoni.

"Ni Koplo Divin," alisema mmoja kwa sauti ndogo. "Kipa wao."

Ubeti wake ulikuwa kwenye mlango wa chumba cha bendi, kwa herufi kubwa za mtu asiye na haraka:

*Ndugu zetu wa kulinda, ngoma yenu nachukua,*
*Mkitaka kuiwinda, lango letu twafungua.*

Consolée aliusoma mara mbili. Uliandikwa na mtu aliyekuwa akicheka.

Kamanda Maxime alimvuta pembeni. "Wenzake wawili walikuwa wakimngoja nyuma ya ukuta. Wamemwona akianguka. Luteni Hugues amenipigia simu. Anasema barabara zikifunguliwa saa nne na nusu, anakuja kuchukua maiti ya mtu wake na aliyemuua."

"Anakuja na wangapi?"

"Hakusema. Nilisikia injini ya lori."

Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Nyuma yao vijana walikuwa wameanza kujaza risasi bila kuamriwa. Tik, tik, tik, chuma juu ya chuma. Consolée alikuwa ameishi Bujumbura miaka arobaini na mmoja. Aliijua sauti ile, na alijua mtu hulalaje chini ya kitanda akisikiliza kinachoifuata. Wanaume wenye bunduki wa upande huu, wanaume wenye bunduki wa upande ule, na katikati mfereji ambao mbuzi anauruka.

"Mlinzi yuko wapi?"

"Nimemfungia. Afande, hebu sikia. Tukimtoa yule mmoja, labda wengine wote watapona."

"Labda," alisema Consolée.

*

Népomuscène alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alikaa sakafuni, filimbi ingali inaning'inia shingoni.

"Ulimwona?"

"Nilimwona, Mama."

"Ukafanya nini?"

"Nilicheka."

"Ulicheka?"

"Ngoma ilikuwa inamuzidi, inamuvuta nyuma. Mi nikaweka filimbi mu kinywa, nipulize. Bado sijapuliza, paa. Akaanguka."

"Mlio ulitoka wapi?"

"Sijui. Nilizani ni kichwa yangu imepasuka."

"Bunduki yako?"

"Ilikuwa tupu. Gaspard mwenyewe, mutunza silaha, alitoa risasi asubui, akanionyesha. We unajua, ni desturi."

"Mimi najua. Wale wa kwenye lori wanajua mtu wao amekufa, basi."

Kijana akauliza, kama mtu anayeuliza saa: "Watanitoa?"

Consolée aliinuka, akaelekea mlangoni.

"Kama ni kunitoa, muniache na hii filimbi. Waone sikukuwa na kitu ingine."

Alitoka pale akitembea haraka, maana angesimama angeshindwa kuanza tena. Aliinusa bunduki ya mlinzi mdomoni: vumbi na mafuta yaliyochacha, hakuna harufu ya baruti. Akafungua mtoto wa meza wa kamanda. Desturi ilitaka risasi za mlinzi zikae humo, ndani ya kikombe cha bati, mpaka kazi za jamii ziishe. Alizimwaga mezani. Zilikuwa zimetimia, thelathini.

Basi si Népomuscène. Lakini moyo haukutua. Kama si yeye, nani?

Alirudi ukutani. Maiti ilipigwa picha, ikafunikwa shuka, ngoma ikafunguliwa. Risasi ilikuwa imepasua ngozi ya nje, ikapita tumboni mwa ngoma, ikapasua ngozi ya ndani, ndipo ikamfikia Divin. Matundu mawili, na la pili lilikuwa juu kidogo kuliko la kwanza.

Aliinua macho. Kwenye ukingo wa ukuta palikuwa na alama nyeupe: kiganja kizima cha chaki, vidole vitano.

"Dieudonné, njoo," alimwita kijana aliyelingana na marehemu kwa kimo. "Panda matofali haya. Mkono wako uweke pale, bila kufuta. Mvalisheni ngoma."

"Afande, damu…"

"Vaa, mwanangu."

Alivunja ufito kwenye ufagio wa uani, akaupitisha katika matundu yote mawili mpaka ukatokeza nje. Akainama, akafumba jicho moja.

Ufito haukuelekea langoni alikosimama mlinzi. Ulielekea kushoto, chini, kwenye kidirisha cha nondo cha ghala la silaha.

Zile tik, tik nyuma yake zilikoma. Ndipo hofu ilipomshika sawasawa. Alikuwa akiogopa wanaokuja. Sasa alijua kwamba mtu mwenyewe yumo humu ndani, pengine nyuma yake hatua nne, anamtazama akiutazama ufito.

"Ufunguo wa ghala anao nani?" aliuliza bila kugeuka.

"Gaspard," sauti kadhaa zilijibu.

*

Gaspard, mtunza silaha, alikuwa mtu wa miaka hamsini, mnyamavu, mwenye mvi masikioni. Alifungua mlango wa chuma, akaingia kwanza. Consolée akamfuata peke yake, akauegesha nyuma yake. Bunduki zilisimama katika safu, na mkono wa Gaspard ulikuwa juu ya safu ile.

"Saa mbili na nusu ulikuwa wapi, Mzee Gaspard?"

"Mu mutaro, na wengine."

"Mlichimba?"

"Tulichimba."

"Udongo ulikuwaje?"

"Wa kawaida."

Consolée alitazama chini. Vijana wote waliosimama uani walikuwa na tope jekundu mpaka magotini. Buti za Gaspard ziling'aa.

Alipitisha kidole juu ya bunduki, moja baada ya nyingine. Vumbi. Vumbi. Vumbi. Ya saba ikaacha kidole chake kinateleza kwa mafuta mabichi.

"Nani anasafisha bunduki moja tu, siku ya kazi za jamii?"

Nje, mbali kidogo, honi ililia, na muungurumo wa lori ukaja nyuma yake. Barabara zilikuwa zimefunguliwa.

"Mzee Gaspard. Toa mkono hapo."

Vidole vyake havikusogea. Kati yao palikuwa na hatua mbili na bunduki thelathini.

"Kuna mutoto kule chumbani," alisema Consolée taratibu. "Ana filimbi shingoni. We ndiye ulitoa risasi zake mbele ya macho yake. Utamwacha akufe?"

Mkono ulianguka ubavuni kama si wake.

"Kaa hapa," Consolée alisema. Alizifunga bunduki kwa mnyororo wa safu, akachukua funguo, akatoka na kufunga mlango.

*

Juu ya paa la ghala la pamba vijana walikuwa wamelala kifudifudi. Nje ya lango lori lilikuwa limesimama, na wanajeshi wanashuka bila kusema neno. Hakuna aliyetukana wala kutania. Mwaka jana mahali hapo hapo walizomeana mpaka wakakauka makoo.

Consolée alichukua kile kikombe cha bati chenye risasi thelathini, akatokea kwenye mlango mdogo.

"Luteni Hugues. Ingia peke yako. Bunduki tupu."

Luteni alikuwa kijana mrefu, macho mekundu. "Desturi hiyo ndiyo imemuua mutu wangu."

"Aliyeivunja ndiye amemuua. Ninaye, na utamsikia kwa masikio yako. Lakini uingie kama Divin alivyoingia."

"Nikikataa?"

"Basi leo jioni mi na we hatutakuwa na aliye hai wa kumwambia."

Consolée alichomoa magazini ya bastola yake, akatoa risasi iliyokuwa ndani, akazitia zote kikombeni. Kisha akakinyoosha kikombe mbele. Mkono ulitetemeka, na risasi zikagongana ndani ya bati, kila mtu akasikia, hata wa juu ya paa. Safari hii hakuuficha.

Hugues alikitazama kikombe kinavyolia. "Unaogopa, Mama?"

"Sana."

Mmoja wa wanajeshi alisema, "Apana, afande, usiende." Lakini Luteni alichomoa magazini yake, akaiweka juu ya zile risasi polepole, kama mtu anayeweka yai.

*

Gaspard alikuwa ameketi juu ya sanduku tupu. Alipomwona Luteni alisimama, akapiga saluti, mkono ukabaki juu, hajui namna ya kuushusha.

"Sema," alisema Consolée.

"Mi ndiye nilipiga."

"Kwa nini ulikuwa humu?"

"Kila mwaka nabaki humu. Miaka sita. Natoa risasi ya mulinzi vile desturi inataka. Kisha najifungia na bunduki moja yenye kujaa. Hakuna anayejua. Wote wakitoka na majembe, nani analinda? Filimbi?"

"Unamwogopa nani?" aliuliza Hugues. "Sisi?"

"Nilikuwa na miaka kumi na nane. Wakati wa vita. Watu walikuja kwetu asubui, kweupe, wamevaa sare. Baba alizani ni askari wetu. Walikuwa wanacheka. Yeye pia akacheka, akafungua mulango. Mi nilikuwa mu shamba la migomba. Nilirudi jioni."

Gaspard alionyesha kidirisha cha nondo.

"Leo nikaona mutu uani. Amevaa sare yetu. Mi najua sura ya kila polisi wa hapa, nawapa bunduki kila asubui mukono kwa mukono. Yule sikumujua. Na alikuwa anacheka, afande. Peke yake, na ngoma mugongoni, anacheka."

"Ulijua leo ni siku ya mchezo," alisema Consolée.

"Nilijua. Kichwa kilijua. Kidole hakikujua."

"Halafu?"

"Mulinzi alipokimbia kuita wengine, nilitoka. Nikaona chaki mu mukono yake. Nikajua nimefanya nini. Nikaokota ganda la risasi, nikatupa mu choo. Nikasafisha bunduki. Wengine wakarudi wanakimbia, nikajichanganya nao."

"Na Népomuscène?"

Hapo ndipo Gaspard alipolia. "Niliogopa. Nikasema ye ni kijana, watamwonea huruma. Nilijua ni uongo. Hakuna mutu anaonea kijana huruma."

Hugues alisogea mpaka vifua vyao vikakaribiana. Mkono wake ulienda kiunoni, ukakuta bastola isiyo na kitu, ukakaa hapo.

"Huyu ni wa mahakama, Luteni," alisema Consolée.

"Najua. Divin aliniambia asubui, tumbo linamuuma. Kila mwaka linamuuma. Alisema akiona tu ukuta ndio anaanza kucheka, sababu amepona."

Consolée alimfunga Gaspard pingu, kisha akamwongoza Luteni uani. Hugues aliusoma ubeti mlangoni, midomo ikisogea. Akaenda kwenye matofali, akainua uso.

"Ni mkono wake ule?"

"Ni wake."

"Alishika ukuta mbele ya risasi?"

"Kabla. Alama ni chaki tupu, haina damu."

"Hakuna aliyekuwa amemugusa?"

"Hakuna."

"Basi ngoma ni yake," alisema Hugues. "Alishinda."

Népomuscène, aliyekuwa amefunguliwa, alisogea bila kuitwa. Aliinua ngoma yenye matundu mawili, akaifunga mikanda mgongoni, ikamvuta nyuma vilevile ilivyomvuta mwenzake. Wanajeshi wanne waliingia bila silaha, wakambeba Divin. Kijana akawafuata mpaka kwenye lori, filimbi ikimgonga kifuani.

Juu ya paa sauti ilianza upya, tik, tik, tik. Consolée aliganda. Kisha akainua macho akaona: walikuwa wanatoa risasi.

Lori lilipoondoka, mlinzi mpya alishika lango kulifunga.

"Liache," alisema Inspekta Consolée, akitazama ubeti wa chaki mlangoni. "Liache wazi."