Maganda Yasiyorudi Jikoni

Mama Karanga hakutupa kitu. Karanga aliuza, maganda akapikia, na jivu lake akasugulia sufuria mpaka zikang'aa. Majirani walimtania, "Huyu hata moshi angeuhifadhi, kama angejua pa kuuweka."

"Chekeni tu," aliwajibu. "Ninyi mnanunua mkaa."

Mwaka ule alipata mteja mpya. Ng'ambo ya barabara palijengwa kituo cha kusafisha maji machafu yatokayo mgodini, na wafanyakazi wake walitaka maganda ya karanga. Basi yeye na mkwewe, aliyekuwa mjamzito, wakawa wanawapelekea magunia.

"Mama, hivi maganda yanasafishaje maji?" mkwe aliuliza njiani.

"Labda wanasugulia mapipa. Mimi nitajuaje?"

Siku moja, nyuma ya kituo, Mama Karanga akaona pipa halijafunikwa. Ndani mlikuwa na maganda yaliyokwisha kutumika, yamesagwa chengachenga, yamelowa. Pembeni palikuwa na kibao chekundu. Mama Karanga ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusoma. Alisoma silabi mbili, akachoka. "Hicho ni cha wezi," akasema moyoni. "Na mimi si mwizi. Maganda nimebangua mwenyewe." Akajaza gunia, akaenda zake.

Nyumbani aliyaanika uani juu ya turubai. Jua lilikuwa kali, alasiri yakawa yamekauka.

"Yameoshwa haya, safi kuliko sisi," alimwambia mkwe. "Washia jiko."

Mkwe alikuwa ameshika kibiriti pale mtu alipobisha. Alikuwa fundi wa maji wa kituoni. Watu walimwita Dada Kipimo, kwa kuwa hakutoka bila kifaa chake cha kupimia mionzi. Alikuwa amekuta pipa limepungua, akamuuliza mlinzi nani kapita, akaelekezwa hapa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

"Nitakaa. Kwanza mkweo aweke kibiriti chini, asogee huku."

Akakielekeza kifaa kwenye turubai. Kikaanza kulia, ta, ta, kisha tatatata kama mvua juu ya bati. Mama Karanga akamvuta mkwewe mkono.

"Kinasema nini hicho?"

"Kinasema maganda yako ni hodari, mama. Maji ya mgodini yana urani, madini yenye mionzi. Huyaoni, hayanuki."

"Si mngeyachemsha tu?"

"Kuchemsha kunaua vijidudu. Madini hayana roho ya kutoka. Maji yanapaa na mvuke, madini yanabaki sufuriani. Kwa hiyo tunasaga maganda, tunayaloweka kwenye asidi kama ile ya ndimu, halafu tunayakausha kwa moto mdogo. Hapo yanakuwa kama yameota viganja. Maji yakipita polepole, urani inanaswa."

Mama Karanga akatikisa kichwa. "Ganda la karanga? Hili tunalolitema?"

"Hilo hilo. Mimi mwenyewe bado nalistaajabia."

"Basi moto si utaimaliza hiyo urani?"

"Moto unaunguza ganda. Urani haiungui. Nyingine ingepeperuka na moshi mkaivuta, nyingine ingebaki kwenye jivu. Ikiingia mwilini inaumiza figo, na mionzi yake inaweza kuleta saratani."

Mama Karanga akazitazama sufuria zake zilizoegeshwa ukutani. Mkwe alikuwa ameshika tumbo.

Dada Kipimo akavaa glavu na barakoa. Akayanyunyizia maganda maji ili vumbi lisiruke, akayafunga pamoja na turubai, akakwangua na udongo wa pale chini. Mama na mkwe wakanawa kwa sabuni. Kisha akapitisha kifaa mikononi mwao, jikoni na kwenye sufuria. Kililia ta, kikatulia, ta, kikatulia.

"Hivyo ndivyo kinavyolia hata barabarani," alisema. "Mko salama."

"Na hayo utayapeleka wapi?"

"Mengine tunayaosha kwa asidi, yanaachia urani, tunayarudisha kazini. Yakichoka tunayafunga kwenye mapipa na kuyapeleka kwenye ghala maalumu. Maji nayo tunayapima kabla ya kuyaruhusu mtoni. Ila lile pipa kuachwa wazi ni kosa letu. Kesho litawekwa kufuli."

Likawekwa. Mama Karanga akadai pia wachore fuvu kwenye kibao, kwa ajili ya wanaosoma polepole kama yeye. Wakachora. Akawafundisha wabanguaji wenzake kupeleka maganda makavu na kurudi mikono mitupu. Mkwe akajifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Jirani mmoja akaja kumjulia hali mzazi, akanong'ona, "Shoga, wewe unajuana na wale wa kituoni. Niombee kikapu kimoja cha maganda waliyokwisha kuyatumia."

"Hayo yamekula sumu ili mto usile," alijibu Mama Karanga. "Yameugua, yaache yalale. Chukua haya mapya, nimebangua asubuhi."